Arduino Uno, ESP32 au ADS1115: upime volti kwa kipi?

Mtu aliyezoea kuandika programu za simu na tovuti akishika bodi ya kielektroniki kwa mara ya kwanza, kinachomsumbua si kodi. Ni namba. Amechomeka waya kwenye pini ya analogi, ameita analogRead, amri ya kuisoma pini hiyo, skrini inaleta 517, halafu 521, halafu 509, na betri hajaigusa mtu. Akiuliza, jibu la haraka analopewa ni kununua kigeuzi, yaani kile kinachogeuza volti kuwa namba, chenye biti nyingi zaidi. Mimi nilipewa jibu hilohilo, nikanunua, na tatizo likabaki palepale.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo wengi wetu tunaanza nazo: kigeuzi kilichomo ndani ya bodi ya Arduino Uno, kilichomo ndani ya bodi ya ESP32, na chipu ya pembeni ADS1115 ya Texas Instruments. Nazilinganisha kwa kazi moja, ya nyumba yenye sola: betri ya volti 12, pampu ndogo ya kujaza simtanki, na inveta ya taa na televisheni. Nimeichagua kazi hii kwa sababu ina volti kubwa kuliko pini inavyohimili, ina volti ndogo kiasi cha kutoonekana, na kelele za umeme zinaingia kila upande.

Biti ni mistari kwenye futi

Chipu ya Uno, ATmega328P, ina biti 10, yaani hukigawa kipimo chake katika hatua 1,024. Kipimo kikiwa volti 5, kila hatua ni milivolti 4.88. ESP32 ina biti 12, hatua 4,096. ADS1115 ina biti 16, hatua 65,536, ila nusu ya hatua hizo ni za volti zilizo chini ya sifuri. Ukipima waya mmoja dhidi ya graundi, upande wa volti sifuri, unabaki na biti 15.

Uno na ESP32 hupima kama muuza duka mwenye mizani ya mawe. Anaweka jiwe la kilo. Likizidi mzigo analitoa, anaweka la nusu kilo. Likipungua analiacha hapohapo, anaongeza la robo, na kuendelea hadi jiwe dogo kuliko yote. Kila jiwe ni biti moja. Mzigo lazima utulie wakati wa kupimwa, na ndiyo maana ndani ya chipu kuna kapasita ndogo inayoishika volti kwanza. Kwenye ATmega328P ni ya pikofaradi 14, na datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inashauri chanzo chako kisizidi upinzani wa kiloomu 10, la sivyo kapasita haijai kwa wakati. Ukisoma pini mbili mfululizo, ukaona namba ya pili inavutwa na ile ya kwanza kama imeambukizwa, usiitafute hitilafu kwenye kodi. Ni kapasita hiyo, bado ina masalia ya pini iliyotangulia.

ADS1115 hufuata njia nyingine, delta-sigma: hupima kwa ukali mdogo lakini mara nyingi mno, kisha huuchuja wingi huo hadi ikapata namba moja. Ukali wake unalipiwa kwa muda. Inatoa sampuli 8 hadi 860 kwa sekunde, wakati Uno kwa mpangilio wake wa kawaida hufika karibu 9,600.

Sasa, futi ya fundi cherehani inaweza kuwa na mistari myembamba kama unywele, lakini ikishavutika, gauni halikai mwilini. Kigeuzi nacho kina futi yake: volti rejea, ile volti ambayo kila kitu kinalinganishwa nayo. Mistari mingi haiirekebishi futi iliyovutika. Datashiti za vigeuzi huandika biti kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Mimi siku hizi naanza na ukurasa unaoeleza rejea.

Volti ya betri

Uno, usipoiambia vinginevyo, hutumia umeme wake wenyewe kama rejea, na kodi za mifano huandika 5.0 bila wasiwasi. Ukiiwasha kwa kebo dhaifu ya USB inayofikisha volti 4.7, betri ya 12.6 itasomeka 13.4. Mwenye nyumba ataamini betri inachajiwa vizuri usiku wa manane. Dawa yake ni rejea ya ndani ya volti 1.1. Hiyo hutofautiana chipu kwa chipu, kati ya 1.0 na 1.2, lakini kwenye chipu moja imetulia. Unapima mara moja kwa multimita nzuri, unapata namba ya kurekebisha, unaihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kazi imekwisha. Rezista za kugawa volti ziwe kiloomu 100 juu na 6.8 chini, ili volti 15 ya betri ifike kwenye pini ikiwa 0.96. Kila hatua inakuwa karibu milivolti 17 za betri. Betri ya asidi na risasi iliyotulia huwa karibu 12.7 ikiwa imejaa na 12.1 au 12.2 ikiwa nusu, kwa hiyo kati ya kujaa na nusu una hatua thelathini hivi. Zinatosha.

ESP32 ina biti mbili zaidi na tabia ngumu zaidi. Rejea yake nayo huanzia milivolti 1,000 hadi 1,200 kutoka chipu moja hadi nyingine. Ina mpangilio wa ndani wa kuipunguza volti kabla ya kuipima, na ukiuweka kwenye upunguzaji mkubwa kabisa, eneo la kuaminika ni kuanzia milivolti 150 hadi 2,450. Chini ya hapo inaelekea sifuri kabla volti yenyewe haijafika sifuri, juu ya hapo mstari unapinda. Anayechukua namba ghafi na kuizidisha kwa 3.3 kisha kuigawa kwa 4,095 anajitafutia shida. Tumia analogReadMilliVolts, ambayo husoma marekebisho yaliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Chagua rezista za kiloomu 100 na 18, ili volti 15 ifike ikiwa 2.29, ndani ya eneo salama. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini hadi graundi. Na chagua pini za namba 32 hadi 39 tu. Nyingine za analogi ziko kwenye kigeuzi cha pili, ambacho kinatumiwa pia na Wi-Fi, na usomaji wako utakwama mara tu redio itakapowashwa. Nimewaona vijana wakikesha na jambo hili: kodi inafanya kazi vizuri mezani, wakiongeza kutuma data, inakufa.

ADS1115 ina rejea yake ya ndani isiyofuata umeme wa bodi. Kwa rezista zilezile za 100 na 18, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 4.096, kila hatua ni mikrovolti 125, sawa na milivolti 0.82 za betri. Inapendeza. Lakini zitazame hizo rezista mbili. Zikiwa za asilimia 1 na zikikosea kila moja upande mbaya, betri ya 12.6 inasomeka imekosewa kwa volti 0.2. Hizo ni hatua 250 zimekwenda na rezista za bei ndogo kuliko vyote mezani. Utalazimika kurekebisha kwa multimita vilevile, na ukisharekebisha, ESP32 au Uno ingekufikisha palepale.

Kwa volti ya betri, basi: ESP32 kama unataka kutuma data, Uno kama hutaki. ADS1115 hapa ni kuajiri mpima ardhi aje apime kitanda.

Mkondo, ambako mambo yanageuka

Kipimo cha uaminifu cha mkondo ni shanti, kipande cha chuma chenye upinzani mdogo sana kinachofungwa njiani. Ya ampea 100 kwa milivolti 75 ni ya kawaida kwenye mifumo ya sola. Ampea moja ikipita, shanti inatoa milivolti 0.75. Hesabu hiyo inamaliza mjadala.

Uno kwenye rejea ya 1.1 ina hatua ya milivolti 1.07. Ampea moja haionekani kabisa. Pampu ya ampea 4 ni hatua mbili au tatu, na hatua mbili tatu ni kelele. Betri ikichajiwa, mkondo unarudi nyuma, volti inakuwa chini ya sifuri, na Uno haijui kitu chini ya sifuri. ESP32 ni mbaya zaidi, kwa sababu kazi yote inaangukia eneo lile la chini ya milivolti 150 ambalo haiwezi kuliona.

Utasikia ushauri wa kukuza ishara kwanza kwa opampu, chipu ya kukuza volti ndogo, na ile ya LM358 inapatikana kila mahali. Mara 40, milivolti 75 zinakuwa volti 3, Uno inafurahi. Ila LM358 ina kosa lake la kuanzia, kwa kawaida milivolti 2 na inaruhusiwa kufika hata 7. Milivolti 2 kwenye shanti hii ni ampea 2.7 ambazo hazipo. Unaweza kuzitoa kwenye kodi asubuhi, lakini kosa hilo hutembea na joto, na boksi lililoko juu ya bati saa nane mchana si lile la asubuhi. Opampu inayofaa kazi hii ipo, ila ukishaanza kuitafuta, bei na taabu vinakuzidi.

ADS1115 inaipokea shanti bila msaada. Ina kikuzaji ndani. Kwenye kipimo cha volti 0.256 kila hatua ni mikrovolti 7.8, yaani karibu ampea 0.01. Inapima tofauti kati ya pini mbili, kwa hiyo kuchaji na kutumia vyote vinaonekana, kimoja kwa alama ya kutoa. Sharti moja: ifunge shanti upande wa hasi wa betri. Kipimo cha 0.256 kinahusu tofauti kati ya pini mbili. Kila pini peke yake haipaswi kuzidi umeme wa chipu kwa zaidi ya volti 0.3, wala kushuka chini ya graundi kwa zaidi ya hizo. Ukiifunga upande wa chanya, volti 12 zinaingia kwenye chipu isiyohimili zaidi ya 5.5.

Hapa sina shaka hata kidogo. Kwa mkondo wa shanti, nunua ADS1115.

| | Uno | ESP32 | ADS1115 |
|---|---|---|---|
| Biti | 10 | 12 | 16 |
| Sampuli kwa sekunde | kama 9,600 | maelfu mengi | 8 hadi 860 |
| Chini ya sifuri | hapana | hapana | ndiyo, kati ya pini mbili |
| Rejea | umeme wake, 1.1 ya ndani, au ya nje | ya ndani, hutofautiana kwa chipu | ya ndani, imetulia |
| Volti ya betri | inatosha | inatosha ukirekebisha | imezidi |
| Shanti | hapana | hapana | ndiyo |
| Boya la tangi | nzuri kuliko zote | ina kazi ya ziada | ina kazi ya ziada |

Boya la tangi

Mstari wa mwisho wa jedwali huwashangaza watu. Boya la kupimia maji mara nyingi ni rezista ya kuzungusha: umeme unaingia juu, graundi chini, na waya wa kati unatoa sehemu ya umeme huo kulingana na kina. Tangi likiwa nusu, unapata nusu ya volti iliyopo, iwe 5 au 4.7. Uno inayotumia umeme uleule kama rejea inapima uwiano, na uwiano haubadiliki kebo ikidhoofika. Lile kosa lililotuharibia betri, hapa linajifuta lenyewe. ADS1115 yenye rejea thabiti itaona maji yamepungua kila umeme unaposhuka, mpaka utumie chaneli ya pili kupima umeme wenyewe na kugawanya. ESP32 vilevile, na pia huwezi kulilisha boya kwa volti 3.3 nzima bila kuvuka ukingo wa juu.

Sensa ya mkondo ACS712 iko kundi hilohilo. Ya ampea 20 hutoa milivolti 100 kwa kila ampea, ikiwa imesimama katikati ya umeme wake. Iunge na Uno kwa umeme mmoja, itakutumikia vizuri kwa mizigo mikubwa.

Kelele huondolewa kabla ya pini

Mwandishi wa programu akiona namba zinacheza, mkono unakwenda kwenye wastani: chukua sampuli kumi, jumlisha, gawa. Kwa kelele isiyo na mpangilio inasaidia. Ukichukua sampuli 16 unaweza kuongeza biti mbili za kweli, mradi kelele yenyewe inafika angalau hatua moja. Ishara iliyotulia tuli haikupi kitu, utapata wastani wa namba ileile.

Lakini inveta ya nyumbani inavuma kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na waya wa sensa uliolala pembeni ya waya wake unachukua mvumo huo. Tuseme unasoma mara 10 kwa sekunde, na inveta haiko kwenye 50 kamili bali 50.1. Kila usomaji unaukuta mvumo mahali palepale, umesogea kidogo tu. Kwenye grafu unaona wimbi tulivu linalopanda na kushuka kila sekunde 10. Linafanana kabisa na maji yanayoyumba tangini. Wastani wa sampuli kumi haulifuti, kwa sababu sampuli zikishageuza 50.1 kuwa 0.1, ndani ya namba hakuna tena alama ya kuonyesha lilikotoka. Mhandisi Harry Nyquist aliandika msingi wake mwaka 1928 na mwanahisabati Claude Shannon akauthibitisha kwa hesabu mwaka 1949: usipochukua sampuli zaidi ya mara mbili ya kasi ya ishara, ishara inakuja na sura ya nyingine.

Kwa hiyo chujio la kwanza ni la rezista na kapasita, mbele ya pini. Kiloomu 10 na mikrofaradi 1 zinaanza kukata hezi 16 hivi, na mvumo wa 50 unabaki asilimia 30. Si kufuta, ni kupunguza. Linalobaki linamalizwa na kodi yenye nidhamu ya muda: chukua sampuli 40 zilizopangwa sawasawa ndani ya milisekunde 20, ambayo ni wimbi moja zima la hezi 50, kisha toa wastani. Nusu ya juu na nusu ya chini zinalipana. Uno na ESP32 zina kasi ya kufanya hivyo. ADS1115 kwenye sampuli 8 kwa sekunde hujifanyia kazi ya namna hiyo yenyewe ndani ya milisekunde 125, na mvumo unapungua sana bila wewe kuandika mstari hata mmoja. Kwa mtu asiyependa kuhangaika na saa za ndani za chipu, hiyo ni sababu ya haki ya kuinunua.

Kuna kazi ambazo hizi zote tatu haziziwezi. Mizani ya uzito hutoa kama milivolti 10 ikiwa imebeba mzigo wake wote, na chipu ya HX711 yenye biti 24 ilitengenezwa kwa ajili yake. Sauti ichukulie maikrofoni inayotoa dijitali moja kwa moja, kama INMP441. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya kawaida haina pini ya analogi. Chipu ya MCP3008 inaiongezea chaneli nane za biti 10, ila mfumo wake, Linux, haukuhakikishii kwamba sampuli zitapishana sawasawa, na ule wastani wa milisekunde 20 hautakuwa wa milisekunde 20.

Pampu iliyowaka na kuzima usiku kucha

Kifaa changu cha kwanza cha namna hii kilikuwa kwenye boksi karibu na pampu, mita tano kutoka kwenye betri. Niliandika sharti la kuilinda betri: ikishuka chini ya 11.9, zima pampu. Jioni betri ilikuwa 12.5. Pampu ikawaka, kifaa kikasoma 11.8, kikaizima. Sekunde chache baadaye kikasoma 12.5, kikaiwasha. Tukaisikiliza hivyo hadi alfajiri, na tangi halikujaa.

Nilikilaumu kigeuzi. Nikanunua ADS1115, nikaifunga kwa uangalifu, nikaandika upya kodi. Ilisoma 11.812. Kosa lilelile, sasa lina tarakimu tatu baada ya nukta.

Nyaya zilikuwa za shaba ya milimita mraba 1, na kifaa nilikuwa nimekifunga juu ya nyaya zilezile zinazoilisha pampu. Shaba hiyo ina upinzani wa omu 0.017 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita kumi, omu 0.17, na pampu inavuta ampea 4: volti 0.7 zinabaki njiani. Kigeuzi kilikuwa kinasema kweli kuhusu volti iliyofika kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nataka volti ya mahali pengine.

Nilivuta nyaya mbili nyembamba, za kupimia tu, kutoka kwenye ncha za betri zenyewe. Waya wa hasi wa kupimia ndio ukawa graundi ya kifaa, na umeme wake nikautoa hapohapo kwenye betri badala ya kwenye pampu. Rilei, swichi ambayo kifaa hutumia kuiwasha pampu, ikabaki kiungo pekee kati yao. Nikarudisha kigeuzi cha ndani ya bodi. Pampu ikawaka, betri ikasomeka 12.4, na ikabaki hapo hadi tangi likafurika. ADS1115 sasa iko kwenye shanti.